Mtoto Akitokwa Damu Puani: Shika Pua, Tazama Saa

Kila mkulima anajua la kufanya ng'ombe wake akikatwa na waya wa ua. Huliosha jeraha, hulitia dawa, kisha huzunguka shamba atafute mahali waya ulipolegea. Lakini mtoto wake akiamka usiku huku damu yamtoka puani, mkulima huyo huyo hupoteza utulivu wote. Nyumba hujaa kelele. Mmoja asema mtoto alazwe chali, mwingine asema amwagiwe maji baridi kichwani, wa tatu asema ni malaria, na wa nne asema amerogwa. Wakati huo wote damu yaendelea kutoka, na hakuna hata mmoja aliyeshika mahali inapotoka.

Jambo hili huonekana katika nyumba nyingi za Kisii na Nyamira, hasa miezi ya vumbi na wakati wa mafua. Watu wa pwani huliita muhina. Mara nyingi si ugonjwa mkubwa, nalo laweza kukomeshwa nyumbani bila dawa na bila senti moja, kwa vidole viwili na dakika 10. Lakini mara chache ni dalili ya ugonjwa mwingine, na hapo mzazi anayengoja huweza kumpoteza mtoto. Basi yafaa kila mzazi ajue mambo mawili: namna ya kuizuia damu, na namna ya kutambua siku ambayo kuizuia hakutoshi.

Sisi wakulima wa mashamba ya makazi tuna sababu zaidi ya kujua haya. Tangu mwaka 1962, mpango wa eka milioni moja ulipoanza, na wakulima wakagawiwa mashamba Borabu, upande wa mpaka wa Sotik, nyumba zetu zimekaa mbalimbali, kila moja katikati ya shamba lake. Njia huwa matope wakati wa mvua. Ikiwa mtoto atokwa damu saa nane ya usiku, msaada wa kwanza ni wa yule aliye karibu naye. Huenda huyo akawa dada yake mwenye miaka 11, wazazi wakiwa wamekwenda matangani. Kwa hiyo makala haya yasomwe pia na watoto wakubwa.

DAMU YATOKA WAPI?

Watu wengi hudhani kwamba damu hiyo yatoka kichwani, au kwenye ubongo. Sivyo. Kati ya tundu mbili za pua pana ukuta mwembamba unaozitenga. Sehemu ya mbele ya ukuta huo, mahali ambapo kidole cha mtoto hufika bila taabu, mishipa midogo ya damu hukutana kama mizizi ya nyasi. Ngozi inayoifunika ni nyembamba na yenye majimaji. Ikikauka hupasuka, na ikikwaruzwa hutoka damu.

Mahali hapo palielezwa na madaktari wawili zamani. James Little, daktari mpasuaji wa New York huko Marekani, aliandika habari zake mwaka 1879, na Wilhelm Kiesselbach wa Ujerumani akaandika mwaka 1884. Mpaka leo madaktari hupaita kwa majina yao. Katika kila watu 10 wanaotokwa damu puani, wapatao 9 hutokwa hapo. Hii ni habari njema, kwa sababu ni mahali panapoweza kubanwa na vidole. Mfereji unaovuja huzibwa pale pale unapovuja, si juu mlimani unakoanzia. Na pua ni vivyo hivyo.

KWA NINI WATOTO, NA KWA NINI HUKU KWETU

Madaktari wa Ulaya waliohesabu jambo hili waliona kwamba zaidi ya nusu ya watoto wenye umri wa miaka 6 hadi 10 wamepata kutokwa damu puani angalau mara moja. Kwa hiyo mzazi asidhani kwamba mtoto wake pekee ndiye mwenye ajabu hii. Sababu zake za kawaida ni hizi:

Kidole. Hii ndiyo ya kwanza. Mtoto huchokora pua, kucha hukwaruza, kigaga hufanyika, kigaga humwasha, naye huchokora tena. Wengi huchokora usingizini bila kujua, ndiyo maana damu huonekana kwenye mto asubuhi.

Mafua. Pua yenye mafua huvimba ndani, mishipa hujaa damu, na mtoto hupenga kwa nguvu. Usiku wa nyanda zetu za juu ni wa baridi, na watoto hulala wamebanana chumba kimoja. Mmoja akiwa na mafua, wote huyapata.

Hewa kavu na vumbi. Watu hushangaa wakiambiwa kwamba hewa ya Kisii huweza kukausha pua, maana mvua zetu ni nyingi. Lakini kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua, jua la mchana huwa kali, na barabara za murram hutoa vumbi jekundu ambalo mtoto wa shule hulivuta kwenda na kurudi.

Moshi. Jiko la kuni katika chumba kisicho na dirisha huunguza macho ya mama, nalo huunguza pua ya mtoto aliyekaa karibu akingoja chakula. Moshi wa sigara na ugoro hufanya hivyo hivyo.

Vumbi la kazi zetu. Pareto imelimwa kwetu tangu miaka ya 1950, na ingawa ilipungua sana baadaye, wako wanaoirudia. Vumbi la maua yake makavu huwasha pua za watu wengi. Mtoto asilale katika chumba kinachoanikiwa pareto, wala asipewe kazi ya kujaza magunia. Huko Tabaka, wanakochonga mawe ya sabuni, vumbi la kuchonga na kupiga msasa si la kupumuliwa na mtoto. Acheze mbali, upande upepo utokako.

Kuanguka na kugongwa. Mpira, kiwiko cha mwenzake, tawi la mti. Hizi zajulikana.

LA KUFANYA DAMU INAPOTOKA

Fuata mambo haya kwa mpango wake, moja baada ya jingine.

1. Tulia, na umtulize mtoto. Mtoto anayelia huvuta pumzi kwa nguvu na damu huzidi. Mwambie, "Nitaishika, itakoma."

2. Mkalishe wima kwenye kiti, au umpakate ikiwa ni mdogo. Asilale.

3. Ainamishe kichwa mbele kidogo, kama asomaye kitabu. Weka beseni au kitambaa chini ya kidevu.

4. Kwa kidole gumba na cha shahada, bana nyama laini ya pua, chini ya mfupa. Zibana tundu zote mbili pamoja, hata kama damu yatoka upande mmoja tu. Bana kwa nguvu ya kutosha kuzifunga, lakini si ya kumuumiza.

5. Apumue kwa mdomo. Damu inayoingia mdomoni aiteme, asiimeze.

6. Tazama saa. Shikilia dakika 10 kamili bila kuachia. Siku hizi karibu kila nyumba ina simu yenye saa, kwa hiyo usikisie. Mtu mwenye hofu huona dakika mbili kuwa 10.

7. Dakika 10 zikiisha, achia polepole. Ikiwa damu yatoka bado, bana tena dakika nyingine 10.

8. Ikiwa baada ya mara hizo mbili, yaani dakika 20, damu haijakoma, mpeleke mtoto hospitali, na njiani uendelee kubana.

Kosa kubwa la wengi liko katika jambo la sita. Wao hubana nusu dakika, huachia watazame, hubana tena, huachia tena. Mwisho husema, "Tumebana sana na haikusaidia." Damu huganda kama maziwa yanavyoganda katika kibuyu: ikitikiswa kila mara, haigandi. Kila unapoachia kutazama, waung'oa utando mdogo uliokuwa unaanza kufunga jeraha. Basi bana, tazama saa, usitazame pua.

Damu ikiisha kukoma, mtoto apumzike. Siku hiyo na ya pili asipenge kwa nguvu, asichokore, asicheze mpira, wala asitumwe kuchota maji kwa mtungi mzito. Uji na chai apewe vikiwa vimepoa. Usiku alale kichwa kikiwa juu kidogo. Akitaka kupiga chafya, afungue mdomo.

MAMBO YASIYOFAA

Usimlaze chali wala kumrudisha kichwa nyuma. Kufanya hivyo hakuzuii damu hata kidogo, bali huigeuza njia tu, ikashuka kooni. Mzazi huiona imekoma mbele, akafurahi, kumbe mtoto anaimeza. Damu tumboni huleta kichefuchefu, naye huitapika nyeusi, na hofu huwa mara mbili. Tena mtoto mdogo huweza kupaliwa nayo.

Usizibe pua kwa pamba, karatasi, au majani yaliyofikichwa. Vikitolewa hung'oa damu iliyoganda, na vipande vyake huweza kubaki ndani. Usitie ugoro, mafuta ya taa, wala maji ya ndimu.

Usibane juu, kwenye mfupa. Pale hapabaniki, na damu haitoki pale.

Maji baridi kichwani hayadhuru sana, lakini hupoteza wakati. Kitambaa chenye maji baridi chaweza kuwekwa juu ya pua na paji la uso, ikiwa kwanza vidole vimekwisha kubana. Kisiwekwe badala ya vidole.

Usimpe mtoto aspirini. Dawa hiyo hudhoofisha kuganda kwa damu, na kwa watoto huweza kuleta ugonjwa mbaya wa ubongo na ini. Haifai kupewa aliye chini ya miaka 16 ila kwa amri ya daktari. Wako wanunuao vidonge dukani kwa ajili ya homa ya mtoto bila kuuliza jina lake. Uliza jina. Kwa homa na maumivu, dawa ifaayo mtoto ni paracetamol, kwa kipimo cha umri na uzito wake.

KUZUIA ISIRUDI

Kukomesha damu leo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuponya kile kidonda kidogo ndani ya pua. Hii ndiyo sehemu ambayo wengi huiacha, kisha hulalamika kwamba mtoto atokwa damu kila juma.

Kwanza, kata kucha za mtoto ziwe fupi, na uzitazame kila Jumapili. Kumchapa kwa ajili ya kuchokora hakufai; kata kucha, na uondoe kinachomwasha.

Pili, mpake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, kama Vaseline, ndani ya pua mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, kwa majuma manne. Yawe kidogo tu, kiasi cha punje ya harage kwa tundu zote mbili. Paka kwa kidole safi hapo mwanzoni mwa tundu, upande wa ukuta wa kati, kisha ubane pua kwa upole ili yaenee. Usiyasukume ndani sana, wala usimpake mtoto mchanga. Mafuta ya kukamulia ng'ombe hayafai kazi hii, maana mengi yametiwa dawa na manukato kwa ajili ya chuchu za ng'ombe. Pua ya mtoto si chuchu.

Tatu, ikiwa pua ina vigaga vigumu, vilainishe kwa maji ya chumvi. Chemsha maji, yapoe, kisha katika gilasi moja tia nusu kijiko kidogo cha chai cha chumvi. Tia matone machache kila tundu. Tengeneza mapya kila siku na umwage yaliyobaki.

Nne, fungua jiko. Dirisha moja, au tundu la moshi juu ya paa, husaidia pua na mapafu ya nyumba nzima. Watoto wakae mbali na moto wakati kuni mbichi zinapowaka.

Tano, katika miezi ya vumbi nyunyiza maji uani kabla ya kufagia.

Ikiwa mzazi amefanya yote haya majuma manne na damu yarudi bado, ampeleke mtoto kwa daktari. Ziko dawa za kupaka zenye kuua vijidudu, na uko mshipa ambao daktari aweza kuuchoma kidogo kwa dawa ukajifunga. Ni kazi fupi na mtoto hurudi nyumbani siku ile ile.

SIKU AMBAYO VIDOLE HAVITOSHI

Sasa tufike kwenye sehemu iliyo nzito. Mpeleke mtoto hospitali mara moja, usingoje kukuche, ukiona moja ya mambo haya:

Damu haikukoma baada ya kubana dakika 20.

Damu ni nyingi mno, yajaza kikombe, au yashuka kooni hata mtoto akiwa ameinama mbele.

Mtoto amepauka midomo na viganja, atoka jasho baridi, apumua haraka, aona kizunguzungu au amelegea.

Damu ilianza baada ya kuanguka au kupigwa kichwani, hasa ikiwa pua imepinda au maji maji meupe yachuruzika puani.

Ana homa kali pamoja na damu, au damu yatoka pia kwenye ufizi, mkojo au choo.

Ana umri chini ya miaka miwili. Watoto wachanga hawatokwi damu puani kwa kawaida, na lazima daktari aone sababu yake.

Na mambo yafuatayo hayahitaji kukimbia usiku, lakini yahitaji daktari katika siku chache:

Mtoto ana mabaka ya damu chini ya ngozi bila kuumia, au vidoa vidogo vyekundu. Huenda ni ugonjwa wa damu yenyewe. Tena, akiwa amedhoofika, ana homa za mara kwa mara na uvimbe wa tezi, asicheleweshwe hata siku moja.

Pua hutoa damu upande mmoja tu, pamoja na uchafu wenye harufu mbaya. Mara nyingi mtoto amejitia kitu puani: punje ya mahindi, harage, kipande cha sponji. Harage hulowa na kuvimba. Usilitoe kwa kijiti au pini, maana hulisukuma ndani zaidi. Lakini ukijua kwamba ameingiza betri ndogo ya mviringo kama kifungo, ile ya saa au ya vitu vya kuchezea, usingoje hata kidogo. Betri hiyo huunguza nyama ya pua kwa saa chache tu.

Mtoto huchunga ng'ombe na kunywa maji kijitoni kwa kuinama, na damu yatoka kidogo kidogo kila siku upande mmoja. Huenda ni ruba. Imepata kuonekana Afrika ya Mashariki kwamba ruba mdogo huingia puani na maji, akajishika humo akinyonya damu. Usimvute. Daktari atamtoa. Na tangu siku hiyo mtoto aende machungani na chupa yake ya maji yaliyochemshwa.

Mvulana aliyebalehe ambaye pua yake imeziba upande mmoja na kutokwa damu nyingi mara kwa mara, naye achunguzwe na daktari wa pua, masikio na koo.

ULIZA HABARI ZA UKOO

Daktari akikuuliza, "Je, katika ukoo wenu wako wengine wanaotokwa damu sana?" usione anapoteza wakati. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Ufini, Erik von Willebrand, aliletewa mtoto wa kike mwenye umri wa miaka 5 kutoka visiwa vya Åland. Mtoto huyo alikuwa akitokwa damu mara kwa mara, na katika jamaa zake wengi walikuwa hivyo. Daktari alichunguza ukoo mzima, na mwaka 1926 akaandika habari za ugonjwa wa kurithi ambao leo huitwa kwa jina lake. Wakati ule dawa haikuwako. Msichana yule alifariki akiwa na miaka 13, kwa damu ya hedhi isiyokoma.

Ugonjwa huo wapatikana katika mataifa yote, wala si wa Ulaya peke yake. Wengi wenye nao wanao kidogo, na dalili ya kwanza huwa ni damu ya puani. Siku hizi zipo dawa zake. Kwa hiyo kumbuka na useme: mama anayetokwa damu nyingi mno ya mwezi, mvulana aliyetokwa damu siku nyingi baada ya kutahiriwa, mtu aliyeng'olewa jino na damu ikakataa kukoma. Haya si mambo ya aibu wala ya laana. Kwetu kutahiri ni jambo la kila mwaka, na mzazi mwenye mtoto wa namna hii amwambie daktari kabla ya siku ile kufika, si baada ya kisu.

DAMU ILIYOPOTEA NA CHAKULA

Damu kwenye nguo huonekana nyingi kuliko ilivyo. Mtoto mwenye uzito wa kilo 20 ana damu ya lita moja na nusu hivi, yaani kama chupa tano za soda za mililita 300. Kijiko kimoja cha mezani hupaka shati zima, nacho ni kama sehemu moja katika 100 ya damu yake. Haimdhuru. Lakini kijiko kila siku chache, mwezi baada ya mwezi, humwishia mtoto madini ya chuma, naye hupungukiwa damu. Hupauka, huchoka upesi, husinzia darasani, na mwalimu humwita mvivu.

Chakula cha kumrudishia nguvu kipo shambani petu. Managu na chinsaga, maharage, uji wa wimbi, mayai, na nyama au maini inapopatikana. Nyama na maini hutoa chuma kinachoingia mwilini kwa urahisi kuliko cha mboga. Mboga nazo hufaa zaidi zikiliwa pamoja na matunda kama mapera, machungwa au pasheni.

Hapa pana jambo moja ambalo sisi wakuza chai yatupasa kulisikia. Chai ikinywewa pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie mwilini vizuri. Mtoto aliyepungukiwa damu asipewe chai na chakula chake. Apewe maji au tunda, na chai, kama ni lazima, ingoje saa moja au mbili. Kuuza chai ni vema. Kumshibisha mtoto kwa chai si vema.

MASWALI YA WAZAZI

Je, damu ya puani ni malaria? Kwa kawaida sivyo. Malaria ipo kwetu, hata katika nyanda za juu, na mtoto mwenye homa lazima apimwe damu upesi. Lakini mtoto asiye na homa, anayecheza na kula vizuri, asipewe dawa ya malaria kwa sababu ya pua tu. Dawa isiyo ya ugonjwa wake hupoteza fedha, na huchelewesha kujua sababu ya kweli.

Je, ni damu iliyozidi mwilini, iachwe itoke? La. Mtoto hana damu ya kutupa.

Je, atakua nayo mpaka uzeeni? Watoto wengi huacha kutokwa damu kadiri wanavyokua.

Tumpeleke wapi? Anza kwa mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Mnamo Septemba 2023 serikali ilianza kuwapa wahamasishaji wapatao 100,000 nchini kote mikoba ya vifaa vya kazi, nao huweza kutazama hali ya mtoto na kuandika barua ya kumpeleka mbele. Kisha iko zahanati au kituo cha afya. Yaliyo makubwa hupelekwa Hospitali ya Rufaa ya Nyamira au Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii. Andika katika daftari siku ambazo damu ilitoka, upande gani, na kwa dakika ngapi. Daftari hilo humsaidia daktari kuliko maneno mengi.

FUNDISHENI WENGINE

Kabla ya jua kuchwa leo, mwite kila mtoto wako aliyefika miaka 7, umwoneshe kwa pua yake mwenyewe: kaa, inama, bana nyama laini, pumua kwa mdomo, tazama saa. Afanye mbele yako. Mtoto aliyefundishwa huweza kujizuia damu mwenyewe akiwa shuleni au machungani. Ongeeni pia na walimu na vikundi vya akina mama, kwa maana mtoto wa jirani akitokwa damu mbele yako ni mtoto wako kwa dakika hizo 10.

Na ukiona mojawapo ya zile dalili za hatari, usiulize kwanza kama mvua itanyesha au nani atakama ng'ombe. Ng'ombe huweza kungoja saa mbili. Mtoto aliyepauka midomo hawezi.